Kikohozi Kilichokatwa

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe, kikatulia, kikagonga tena.

Kulikuwa bado giza. Nilikuwa nimekaa kitandani namnyonyesha mwanangu, ambaye kwa upara wake sote tulimwita Mzee, na sauti ile ilitoka upande wa pili wa ukuta, kwa jirani. Ndugu zangu mnaonisoma, nanyi mna ukuta na mna jirani, kwa hiyo mtanielewa. Muda wote niliokaa katika nyumba ile sikuwahi kukisikia kile kijiko. Alfajiri zetu zilikuwa za pikipiki, za magari ya taka, za mabasi yanayogombania abiria. Kisha ukaja ugonjwa, tukaambiwa kila mtu abaki kwake, na mji mzima ukanyamaza kama mtoto aliyeona jambo kubwa kuliko umri wake. Katika kimya kile tuligundua kwamba dunia ilikuwa imejaa sauti ndogondogo tulizokuwa tumezikalia. Nilisikia makucha ya njiwa juu ya bati. Nilimsikia mwanangu akimeza maziwa, tone kwa tone. Na nilimsikia Bibi wa upande wa pili akikoroga chai yake kabla wenziwe hawajaamka, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu.

"Unasikia?" nilimnong'oneza Mzee. "Watu wapo."

Mzee akaendelea na kazi yake.

Ndipo baada ya kijiko nikasikia kikohozi. Kimoja, kikavu, kilichozibwa upesi kwa kitambaa.

Hebu kwanza niwaeleze watu wa nyumba ile, maana ni watu wazuri, na hadithi hii haina jini wala mchawi. Baba wa nyumba hiyo alikuwa mpiga video wa harusi. Tulimwita Tabasamu, kwa kuwa ndilo neno alilowapigia kelele maharusi tangu wanaposhuka garini mpaka wanapochoka kabisa na meno yao wenyewe. Mkewe alikuwa msusi. Walikuwa na binti mmoja ambaye hajaanza shule, Kidoti, mwenye alama nyeusi kidevuni kama nukta iliyowekwa mwisho wa sentensi. Na walikaa na Bibi, mama yake Tabasamu. Zamani Bibi alikuwa mpokea simu, enzi za kuunganisha watu kwa waya, na sauti ya kazi hiyo haikumtoka. Akikuita kwa jina unajikuta unaomba samahani na hujakosa kitu.

Harusi zilipositishwa, Tabasamu alibaki na kamera, taa mbili, na hana bibi harusi wa kumulika. Mkono uliozoea kazi haukai. Akaigeuza kamera kwake nyumbani. Kila jioni akawa anaturushia kwenye simu zetu kipande kifupi alichokiita "Siku za Ndani": mvuke unapanda kutoka kwenye sufuria, vidole vya mkewe vinasuka kichwa cha Kidoti, Bibi anatega vitendawili, soksi zinakauka dirishani kama watu waliopanga foleni.

Lazima niseme kweli, alikuwa na jicho. Mimi ni mwanafunzi wa masomo ya jioni, na siku zile madarasa yalikuwa yamefungwa. Mwalimu wetu alitutumia ujumbe kwamba tuandike maisha ya nyumbani kama tunavyoyaona, kwa sababu siku kama zile watoto wetu watatuuliza. Basi nilikuwa nakaa na simu ya mkononi nikitazama soksi za jirani yangu, na nastaajabu kwamba soksi zinaweza kumtoa mtu machozi. Watu wa miji ya mbali, ambao hawatawahi kukanyaga ua wetu, walikuwa wanamtumia Bibi salamu. Mmoja aliandika kwamba amefungiwa peke yake chumbani na anakula chakula chake saa ileile wanayokula wao, ili naye awe na wenzake mezani. Nikawaza, hivi ndivyo kitu kidogo kinavyoweza kuwa kikubwa.

Siku moja nilikutana na Tabasamu uani tukianika nguo, yeye mwisho huu wa kamba na mimi mwisho ule, kila mtu na kitambaa chake puani.

"Jirani, watu wanakupenda," nikamwambia. "Nyumba yako haina ugomvi hata siku moja?"

Akacheka. "Wewe umeshaona harusi ngapi kwenye video?"

"Nyingi."

"Umeshamwona mama mkwe akinuna? Umeona nyama iliyoungua? Bwana harusi aliyelewa akaomba aoe mpambe?"

"Hapana."

"Basi yote hayo yapo, na mimi ndiye niliyeyaona. Kupiga ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kukata." Akafanya vidole viwili kama mkasi. "Kinachokatwa, jirani yangu, hakikutokea."

Tulicheka sote. Kidoti alikuwa amesimama katikati ya shuka mbili zilizolowa, anasikiliza. Mtoto akinyamaza hivyo ujue anameza kitu.

Tangu siku hiyo neno lake likawa "kata". Akimwaga uji, "Kata, baba." Akijigonga mlangoni, "Kata." Mama yake akimgombeza kwa kuchezea mafuta ya nywele, anamwinulia kiganja kama askari wa barabarani: "Mama, kata." Hata sisi majirani tukaliiga. Siku moja aliangusha sahani, akafumba macho, akasema neno lake, kisha akafumbua. Vipande bado vilikuwa pale sakafuni. Alivitazama kwa mshangao mkubwa.

"Haijakatika," akasema.

Baba yake akachukua ufagio akavizoa haraka, akamwonyesha sakafu. "Haya, tazama sasa. Imekatika au haijakatika?"

"Imekatika," akasema Kidoti, na akaamini.

Msomaji wangu, hapo ndipo penye mzizi wa hadithi hii. Shika hapo hapo.

Kile kikohozi cha alfajiri hakikuondoka. Kilirudi kesho yake, na keshokutwa kikaja na mwenzake. Nilimsubiri Mama Kidoti kwenye bomba la uani nikamuuliza.

"Ni vumbi tu," akasema. "Amepekua masanduku yake ya zamani."

"Dada, hilo ni vumbi gani lisilofagilika?"

Alijaza ndoo yake mpaka ikafurika, macho kwenye maji. "Unamkumbuka fundi viatu wa nyuma yetu?" akaniuliza.

Nilimkumbuka. Gari jeupe lilikuja kumchukua, watu wakachungulia madirishani kama wanaotazama mwizi. Alipona yule baba, akarudi na miguu yake mwenyewe, akafungua kibanda chake, na hakuna aliyempelekea hata kandambili. Siku zile kukohoa mbele ya watu kulikuwa aibu kuliko kuiba. Mwizi angalau angepigiwa kelele, watu wakamsogelea. Aliyekohoa alikimbiwa kimya kimya.

"Yeye anaogopa," Mama Kidoti akasema, maana yake mumewe. "Anasema watu wote wanaitazama nyumba yetu. Wakijua, tutakuwa wagonjwa wa mji mzima. Na Bibi mwenyewe hataki kumharibia mwanawe kazi. Akijisikia kukohoa anamwonyesha kidole, anasimamisha kamera."

"Lakini nyinyi wawili mnajua kwamba si vumbi."

Akajitwika ndoo.

Jioni ile ikaja video ya kitendawili. Nitawasimulia kama nilivyoiona, kwa sababu kila aliyekuwa na simu mtaani kwetu aliiona.

Bibi amekaa kwenye kiti chake chenye mto, mtandio wake umetulia begani, kikombe kimejaa chai mkononi.

"Kitendawili," anasema.

"Tega," wanajibu Kidoti na mama yake.

"Nina mgeni. Akiingia simkaribishi, akitoka simuagi, na siku asiporudi sitakuwepo wa kumuulizia."

Kidoti anafikiri. "Paka."

"Paka yeye hujikaribisha mwenyewe, mjukuu wangu, na akitoka ametoka na samaki."

"Usingizi," anasema Mama Kidoti.

"Umekaribia, mwanangu, ila usingizi asiporudi utamuulizia usiku kucha. Mmeshindwa. Nipeni mji."

"Tunakupa mji huu huu wetu," anasema Kidoti.

Bibi anacheka mpaka chai inatikisika. "Mji huu umefungwa, nitauingilia wapi? Haya, naupokea hivyo hivyo na kufuli lake. Jibu ni..."

Na hapo video ikaruka. Ghafla pakawa na muziki wa kinanda, wote wanacheka, Kidoti anapiga makofi. Imekwisha.

Watu wakaanza kuandika. Jibu liko wapi? Mbona jibu hatukusikia? Tabasamu akawajibu, "Fikirini wenyewe, wavivu nyie," akaweka vikatuni vya kucheka. Wengi wakaona ni ufundi wake.

Mimi niliirudia video ile pale inaporuka. Kabla ya kuruka, mtandio wa Bibi uko begani na kikombe kimejaa. Baada ya kuruka, mtandio uko mapajani, umekunjamana kama kitu kilichofinywa kwa mikono miwili, na kikombe hakipo. Kidoti anapiga makofi lakini macho yake hayako kwenye makofi. Yanamtazama Bibi. Na mimi nilikuwa nyumbani mchana ule ilipopigwa. Nililisikia neno "jibu ni" kwa masikio yangu kupitia ukutani, na kilichofuata hakikuwa kinanda. Kilikuwa kikohozi kirefu, kizito, kama mtu anaburuta kabati juu ya saruji, na katikati yake sauti ndogo ikisema, "Kata."

Simu ilinionyesha kicheko, ukuta ukaniambia kikohozi. Nilikaa na vyote viwili. Jibu la kitendawili lilikuwa limetupwa pamoja na kikohozi, kwa sababu vilitoka mdomo mmoja wakati mmoja, na huwezi kukata kimoja ukabakiza kingine.

Nikamfunga Mzee mgongoni nikaenda kugonga.

Tabasamu alisemea ndani, hakufungua. "Jirani, karibu ya mbali. Umeiona video?"

"Nimeiona. Nimekuja kumjulia hali mama."

"Si umemwona? Nchi nzima imemwona. Mzima kama chuma."

"Kwenye simu nimemwona, ndiyo. Ukutani nimemsikia pia."

"Basi ukuta wako una kifua. Upake mafuta."

Ningecheka siku nyingine. "Kaka," nikamwambia, "mimi si askari wala si gari jeupe. Kuna namba ya afya ya kupiga bure, wanaitaja redioni kila saa. Hawamkamati mtu. Wanauliza tu, wanakuelekeza."

"Wakishauliza wanakuja. Wakija, sisi si watu tena, ni habari." Sauti yake ilishuka, nikasikia kwamba amesogea karibu na mlango. "Unajua ni watu wangapi wanalala vizuri kwa sababu wamemwona mama yangu akicheka? Niwaambie nini?"

Nilipogeuka kuondoka, Mama Kidoti alikuwa amefungua kidirisha cha jikoni. Nikamsogelea kwa umbali unaoruhusiwa.

"Dada, wewe usisubiri kikohozi kikwambie," nikamwambia. "Redioni wanasema umtazame anavyopumua. Akishindwa kumaliza sentensi, au midomo yake ikibadilika rangi, usiombe ruhusa ya mtu. Piga."

Akaitikia kwa kichwa, akafunga kidirisha.

Alfajiri moja baada ya hapo niliamka kunyonyesha, nikangoja kijiko. Hakikugonga. Njiwa walitembea juu ya bati, Mzee alimeza maziwa yake, kukapambazuka, na kikombe cha Bibi hakikusema kitu. Sikuwahi kujua kwamba sauti isiyokuja inaweza kusikika kwa nguvu namna ile.

Adhuhuri nikasikia Tabasamu akisogeza taa zake. Watu walikuwa wanadai jibu la kitendawili, naye alikuwa ameamua mama yake alitoe siku hiyo, alitoe haraka, kisha apumzike. Mambo yaliyotokea mle ndani baadhi niliyasikia, mengine Mama Kidoti alinisimulia baadaye, na ameniruhusu niyaandike.

Tabasamu alitazama kwenye kioo cha kamera akakunja uso. "Mama amepauka. Mpake rangi kidogo ya mdomo. Kama maharusi, wanapochoka."

Mama Kidoti akachukua kijiti cha rangi nyekundu. Ni kazi aliyoifanya kwa mikono ile mara zisizohesabika. Akamshika Bibi kidevu, akampaka mdomo wa juu, akampaka wa chini, akarudi nyuma kutazama. Bibi akawa amependeza.

"Mama, uko tayari?" akauliza Tabasamu. "Sema tu, jibu ni, halafu jibu. Basi."

Bibi akafungua mdomo. "Ji," akasema. Akavuta pumzi. "Bu." Akavuta tena. Mwanamke aliyewaunganisha watu wa nchi nzima kwa sauti yake alikuwa ameshindwa kuunganisha silabi mbili.

"Kata," akasema Kidoti.

Bibi hakukohoa. Aliinama mbele, mabega yanapanda na kushuka, mkono umeshika ukingo wa kiti.

"Kata, baba." Alifumba macho, akayafumbua. "Kata. Baba, kata. Kata." Nilimsikia kupitia ukutani, neno lilelile, juu zaidi kila mara, mpaka likawa kilio. "Haikatiki. Baba, haikatiki."

Tabasamu alisimama nyuma ya kamera yake, hakuweza kutoka hapo. Alikuwa bado anatazama kwenye kioo kidogo, ambako mama yake alikuwa na midomo mizuri myekundu.

Ni mkewe aliyetembea. Alishika ncha ya khanga yake akamfuta Bibi mdomo. Rangi nyekundu ilitoka. Chini yake midomo ilikuwa ya buluu, kama ya mtu aliyekaa sana kwenye maji baridi.

"Njoo utazame hapa," akamwambia mumewe. "Toka huko nyuma uje utazame kwa macho yako."

Akaja. Akatazama. Na mkewe akawa ameshapiga ile namba.

Nilipofika mlangoni ulikuwa wazi kabisa, kwa mara ya kwanza tangu tulipoambiwa tufunge. Nilisimama nje na Mzee mgongoni. Simu ilikuwa imewekwa sauti ya juu, na muuguzi, mama mmoja mtulivu, alikuwa anauliza. Mmemlaza? Hapana, mkalisheni. Fungueni madirisha. Gari linakuja. Amekohoa tangu lini?

Tabasamu akamgeukia mkewe. Hakujua. Amini usiamini, mtu aliyeirekodi nyumba yake kila siku ya Mungu hakujua mama yake alianza kuumwa lini. Alikuwa amezitazama "Siku za Ndani" mara nyingi mno, na humo ndani Bibi hakuwahi kukohoa.

"Baba," muuguzi akasema, "ni muhimu. Siku ngapi?"

Ndipo akakumbuka. Alikaa sakafuni na simu yake mwenyewe, ile aliyokuwa anakatia video zake, akafungua mahali inapoweka vilivyotupwa, na akaanza kuvifungua kimoja baada ya kingine. Hakukuwa na kinanda. Bibi anakohoa kabla ya kusema karibu. Bibi anakohoa na kijiko mkononi. Kidoti anauliza, "Bibi, unalia?" na Bibi anasema hapana, nimepaliwa. Kila kipande kilikuwa na tarehe yake, na kila kilichofuata kilikuwa kizito kuliko kilichotangulia. Ua mzima ulikuwa kimya hata watu wa vyumba vya mwisho walisikia. Nilikuwa nimedhani ninayajua maisha ya nyumba ile. Kumbe tulipewa maganda, na tunda lilikuwa huku kwenye vilivyotupwa. Humo mlikuwa na upendo mwingi kuliko kwenye video zote: mke anamkimbilia na maji, mtoto anampulizia chai, Bibi mwenyewe anajizuia kukohoa asimharibie mwanawe kazi.

Tabasamu akamsomea muuguzi tarehe ya kipande cha kwanza. Sauti haikuwa yake.

"Asante," muuguzi akasema. "Sasa mwekee mama simu karibu na mdomo wake. Sote tunyamaze, nisikilize anavyopumua."

Tukanyamaza. Na ndugu zangu, hapo ndipo nilipoisikia pumzi ya mwanadamu kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, kama kitu chenye thamani yake. Inaingia, inakwama, inajitahidi, inatoka. Inaingia tena. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu hufanya kazi hiyo tangu anapozaliwa, amelala, ameamka, anacheka, bila kusifiwa hata siku moja. Nyuma yangu Mzee alikuwa anapumua shingoni mwangu. Nilitaka kumshukuru.

Gari jeupe likaja. Watu walichungulia, ndiyo. Lakini mama mmoja wa chumba cha mwisho, ambaye mdomo wake huwa hauna pazia, akasema kwa sauti, "Nenda salama, Bibi, tutakuchungia kiti chako," na wengine wakadakia. Nadhani wale waliovisikia vile vipande wangeona haya kunyamaza.

Bibi aliwekewa hewa ya mtungi kwa muda mrefu. Daktari aliwaambia kwamba kama wangesubiri jua lizame, wangekuwa wanazungumza mambo mengine. Tabasamu na mkewe walipimwa wakakutwa nao wanao, wakafungiwa mle ndani na mtoto wao. Tuliwawekea maji na chakula mlangoni, tunagonga, tunarudi nyuma. Siku moja niliweka bakuli, nikamsikia akisema ndani, "Jirani, ule ukuta wako usiupake chochote. Uache hivyo hivyo."

Hakurusha video hata moja muda wote huo. Watu wakamuuliza, akawaandikia ukweli kwa maneno machache: mama anaumwa, nilikuwa naficha, mnisamehe. Wengine walimtukana. Lakini yule mtu aliyefungiwa peke yake katika mji wa mbali alimjibu kwamba naye amekuwa akikohoa na kuwaficha ndugu zake kwenye simu, na kwamba anaipiga ile namba sasa hivi.

Alfajiri zangu zikawa za kungoja. Ua wetu ulijifunza kusikiliza. Kisha kukaja asubuhi ya Bibi kurudi, amekonda, amefungwa mtandio wake, kila mtu amesimama kwenye kizingiti chake. Na kesho yake, kabla hakujapambazuka, kijiko kikagonga ukingo wa kikombe. Niliganda na Mzee kifuani. Sijawahi kusikia muziki unaoupita huo.

Mafunzo ya hadithi hii

Majirani zangu, akina mama wenzangu, akina baba mnaoipenda nyumba yenu ipendeze: siwaambii msipige picha. Pigeni. Siku za watoto wetu zinakwenda mbio, na mtu anayeziokota anafanya kazi njema. Ninachowaomba ni hiki, msiifanye picha kuwa pazia. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nami naongeza kwamba mficha kikohozi humzika mama yake akiwa amependeza. Ugonjwa si aibu. Aibu ni yetu sisi tuliomkimbia fundi viatu, maana tungempelekea viatu vyetu siku ile aliyopona, pengine Tabasamu asingekuwa na la kuogopa. Anayeficha amekosea, na anayefanya wenzake waogope kusema amekosea naye.

Na tuangalie maneno tunayowafundisha watoto. Mtoto akisikia kwamba kibaya kinafutika kwa kusema neno moja, atalisema siku ambayo anapaswa kukuita. Mwambie sahani imevunjika. Mwambie Bibi anaumwa. Atakuuliza maswali, na maswali ya mtoto hayajawahi kuua mtu.

Nilitaka kuishia hapo, lakini funzo lenyewe si langu. Nililisikia uani, jioni Bibi alipopata nguvu za kukaa nje. Sote tulikuwa milangoni kwetu. Tabasamu alimwomba ruhusa mama yake kwanza, ndipo akainua simu.

"Mama, unadaiwa jibu."

"Mlinipa mji," Bibi akasema, "nikaenda nao hospitali na jibu lenu mfukoni." Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa yake. "Haya. Mgeni nisiyemkaribisha wala kumuaga. Mgeni huyo ni pumzi."

Hakuna aliyepiga makofi. Kila mtu, nadhani, alikuwa anaisikiliza ya kwake. Kisha Bibi akakohoa, kile kikohozi kidogo cha mtu anayepona ambacho daktari alisema kitakaa naye kwa muda, na kidole gumba cha Tabasamu kikasogea chenyewe, kwa mazoea ya miaka.

Kidoti akamshika mkono.

"Usikate, baba," akasema.